Ukuta Uliomsubiri Ndege

Vijana wangu, kabla hujashika mwiko, kabla hujakoroga chokaa, kabla hata hujakubali chai ya mwenye nyumba, gonga ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole kama unayebisha hodi kwa mkweo, kwa adabu lakini usikike. Lipu iliyoshikana na ukuta wake hujibu kwa sauti fupi na nzito. Lipu iliyoachana na ukuta wake hulia kama debe tupu, na hapo ujue hawa wawili wamekwisha talikiana zamani, wanaishi pamoja kwa sababu ya majirani tu. Ibomoe. Usiihurumie. Ukipiga lipu mpya juu ya lipu iliyokufa, msimu wa mvua utakuita urudi, na mwenye nyumba atakuita kwa majina ambayo mama yako hakukupa.

Mimi ni Sadiki. Nimepiga lipu hapa Gisenyi, Rwanda, ufukweni mwa ziwa, tangu ujana wangu, miaka ile ya hamsini, hadi mgongo uliponiambia basi. Siku hizi nakaa kibarazani nikitazama vijana wanavyopaka rangi ya kopo juu ya vumbi, na mke wangu ananikataza kupiga kelele. Kwa hiyo naandika.

Aliyenifundisha kugonga kuta ni Fundi Karoli. Alikuwa mtu wa ufukweni, ukoo wa wavuvi, Mkristo mwenye rozari mfukoni na mawese mikononi. Mawese yale hayakuwa ya kula. Chokaa inachoma, inakula ngozi katikati ya vidole, na Karoli alipaka mawese kila asubuhi kabla ya kazi, akanilazimisha nami nipake. Nilimuuliza siku moja kwa nini aliacha uvuvi wa baba zake. Akanijibu kwamba hajui kuogelea, na samaki walikwisha kugundua. Nilikuwa tayari fundi kamili nilipoungana naye, angalau mwenyewe nilijiona hivyo, lakini kwake nilijifunza upya kama mtu anayeanza kutembea.

Nitawaambia juu ya nyumba ya Mama Zuhura, kwa sababu katika nyumba zote nilizowahi kuzivalisha nguo, ile ndiyo ninayoipenda.

Mama Zuhura alikuwa mjane wa mtaa wetu wa Waislamu, mshonaji, cherehani yake ikiwa kibarazani na ulimi wake ukiwa mkali kuliko sindano. Marehemu mumewe, Mzee Juma, alikuwa muuza chumvi na vitambaa. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba ile kwa amakoro, mawe meusi ya volkano, yale mepesi yaliyojaa matundu, ambayo kwetu huna haja ya kuyatafuta kwa sababu yenyewe hukutafuta kwa kukukwaza. Nje ilipigwa lipu ya chokaa, na lipu ile ilikuwa imezeeka. Upande wa ziwani ilikuwa imeota ukungu wa kijani, upande wa mlangoni imepasuka.

Sasa sikilizeni jinsi mama yule alivyotafuta fundi, maana hata leo sijaona aliyemzidi. Hakuwauliza mafundi. Fundi ukimuuliza kama anajua kazi, atasema hajui? Alichukua mwavuli wake akazunguka mji akizitafuta nyumba zilizopigwa lipu misimu kadhaa ya mvua iliyopita, na kila nyumba akachomachoma kona za chini kwa ncha ya mwavuli, pale maji ya paa yanaporukia ukuta. Hapo ndipo kazi mbovu hujitangaza kwanza. Mwenye nyumba mmoja alitoka mbio akamuuliza nyumba yake imemkosea nini. Akajibu, “Haijakosa kitu. Niko natafuta fundi.”

Akatukuta tuko kazini, tumejaa chokaa hadi kwenye nyusi.

“Ile nyumba ya karibu na musikiti,” akasema, “ni nyinyi mulipiga lipu yake?”

Karoli akashuka ngazi polepole. Mwanamke mwenye mwavuli na swali kama lile si habari njema.

“Inategemea, mama. Imeanguka?”

“Haikuanguka. Niliichoma na mwavuli, na mwavuli njo ilipinda, si ukuta. Donc, basi, mutakuja kwangu.”

Kizuri chajiuza, vijana. Sisi tulikuwa hatujatoka hata jasho la kujitembeza.

Alitueleza shida yake papo hapo, bila kuzungusha maneno. Binti yake wa pekee, Zuhura, alikuwa amechumbiwa. Mzee Athumani, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na nyumba kubwa Goma, ng'ambo ya mpaka, ndiye walii wa binti, yaani mwenye kumwozesha badala ya baba. Naye alikuwa amesema harusi itoke kwake Goma, kwa sababu nyumba ya mjane ni aibu, inabanduka kama ngozi ya mgonjwa.

“Mi sikatai yeye ni mukubwa,” Mama Zuhura akasema. “Lakini mutoto yangu alizaliwa mule ndani. Baba yake alikufa mule ndani. Nataka atoke kwa mulango ya baba yake. Shemeji amesema atakuja kuangalia mbele ya harusi. Akiona nyumba iko muzuri, sawa. Akiona bado, anamubeba.”

Kisha akatukaripia kwa kumsikiliza tukiwa tumesimama juani bila kofia.

Watu wanafikiri lipu ni kupaka. Kupaka ni siku ya sherehe tu. Kazi ni maandalizi. Karoli alimwambia mama aondoe kila kinachogusa ukuta kwa nje, na ndipo tulipojua mtu anaweza kuutumikisha ukuta kiasi gani. Palikuwa na mahindi yaliyoning'inizwa, misumari isiyojulikana kazi yake, kamba za nguo, banda la kuku lililoegemezwa, na mmarakuja, yaani mpasheni, uliopanda kutoka chini hadi kwenye mabati kana kwamba ndio uliolipa kodi ya nyumba. Zuhura alitaka tuukate matawi tu. Karoli akamwonyesha mizizi midogo iliyoingia katikati ya mawe. “Mwali,” akamwambia, “hii inakula nyumba yenu pole pole, inakupa tunda moja moja ili usione.” Ukang'olewa wote, na jirani wakala marakuja hadi wakachoka.

Jirani walitaka kusaidia, na hapa nawaonya: msaada wa jirani uupokee kwa mikono miwili na macho manne. Mahali pengine, nyumba ya mtu wa Cyanzarwe, kule mlimani, tulisafisha ukuta vizuri tukaenda kutafuta mchanga, tukarudi tukakuta wanawake wa mlimani wameupaka wote udongo na samadi ya ng'ombe, kwa nyimbo, laini kama shavu la mtoto, zawadi yao kwa mwenye nyumba. Ulikuwa umepakwa kwa upendo mtupu. Chokaa haishiki juu ya samadi, lakini nani angethubutu kuwaambia? Tulikunywa pombe yao ya ndizi, tukawashukuru, tukangoja waende zao, ndipo tukaanza kukwangua tukicheka na kuugua. Kwa hiyo kwa Mama Zuhura Karoli aliwagawia jirani kazi ya brashi na maji peke yake: kusugua ukungu, kusuuza, kusugua tena. Maana jiwe letu la volkano lina kiu. Usipolinywesha kabla, litanyonya maji yote ya lipu yako, na lipu itabaki unga.

Kuta tatu zilikwenda vizuri. Tukafika wa mbele, wenye mlango.

Karoli alikuwa akibomoa lipu iliyokufa kando ya mlango, usawa wa kichwa. Kipande kikubwa kikaanguka, na kutoka nyuma yake, katikati ya mawe mawili, kikaruka kindege cheusi na cheupe, mkia ukitikisika juu chini. Kikatua ukingoni mwa paa kikatutukana. Ndani ya tundu makinda yakapanua midomo.

Ilikuwa inyamanza, ndege mtikisa mkia. Mnaijua, ile inayotembea uani kama karani aliyechelewa. Kwetu Rwanda inapendwa nyumbani kwa mtu, haiuawi, haifukuzwi. Na kwa ukoo wa Abagesera ni zaidi ya hapo, ndiyo ndege yao, kama ndugu. Sasa Karoli alikuwa Mugesera, mmoja wao.

Akaweka nyundo chini.

“Mama Zuhura,” akaita, “hapa tunasimama.”

Mama akatoka na kidole kikiwa na pete ya kushonea. “Munasimama namna gani? Shemeji anakuja!”

“Iko na watoto.”

“Fundi, hii ni nyumba ya Waislamu. Mambo ya ndege ya ukoo inaingia wapi?”

“Ndege hakuuliza dini, mama. Na mi ni mukristu, nilibatizwa, Yezu Mariya ananiona. Lakini babu yangu hakugusa hii ndege, baba yangu hakugusa, na mi siwezi kugusa.”

“Basi Sadiki agusage!”

Nilijikuta nina kazi ya haraka sana upande wa pili wa nyumba.

Habari ilitembea mtaani kabla ya adhuhuri. Akaja fundi mmoja ambaye sitamtaja, mrefu, mwenye maneno mengi, akamwambia mama kwamba yeye angeziba tundu na kumaliza ukuta kabla jua halijazama. Nilimwona mama akimsikiliza. Sikumlaumu. Alikuwa na binti mmoja na mlango mmoja, na shemeji mwenye nyumba kubwa. Wakati yule bwana anaongea, inyamanza akaja na mdudu mdomoni, akasita juu ya kamba, akawatazama wote wawili, kisha akapiga moyo konde akaingia tunduni kando ya sikio la fundi. Akatoka, akaenda, akarudi na mwingine.

Mama Zuhura akaitazama safari ile mara kadhaa. Kisha akamwambia yule fundi, “Asante, papa. Kwenda tu. Huyu naye anatayarisha watoto watoke kwao.”

Nilitaka kumkumbatia. Karoli alijifanya chokaa imemwingia jichoni.

Sasa shida ikabaki kwetu sisi wa kazi, na ninyi mnaojifunza isikieni vizuri. Ukuta mmoja hupigwa lipu kwa pamoja, kutoka kona hadi kona. Ukiacha katikati ukarudi baadaye, lipu mbichi na lipu kavu hazitapatana. Pale zinapokutana patabaki kovu, na kovu lile litaonekana hadi nyumba ianguke. Karoli hakuwahi kuacha kovu mlangoni mwa mtu. Akageuza ndoo, akaikalia, akautazama ule ukuta mchana kutwa. Nilimletea chai ikapoa. Nilimletea nyingine, akanywa ile iliyopoa.

Alipoinuka alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari ulioanza chini kushoto mwa mlango, ukapanda, ukavuka juu, ukashuka kulia, mpana wa kutosha kulizunguka lile tundu na kubaki na nafasi ya heshima.

“Hapa ndani ya mustari,” akasema, “lipu haiingii. Tunaacha mawe. Tunasafisha, tunajaza chokaa kati ya jiwe na jiwe, isipokuwa kwa ile mulango yake ya kidogo. Lipu inaanza nje ya mustari. Kovu itakuwa wapi? Hakuna kovu. Iko ukingo.”

Nikamwangalia kwa mshangao. “Na ndege akishaenda?”

“Tunajaza ndani, tunaita kazi imeisha.”

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tulikwangua mawe yale kwa brashi ya waya taratibu, bila nyundo, bila nyimbo. Mimi ni mtu wa kuimba kazini, na ile ilikuwa adhabu kubwa kuliko jua. Majirani walipita wakinong'ona kama waliofika kwa mgonjwa. Mama Zuhura alihamisha cherehani yake nyuma ya nyumba kwa sababu mlio wake, alisema, unamtisha mzazi. Nje ya mstari tulirusha rojo jepesi kwanza, likashika mawe, kisha lipu yenyewe, tukaisugua kwa ubao hadi ikawa nyororo. Tukaifunika kwa magunia yenye maji ili isikauke kwa pupa. Magunia yalipotoka, nyumba ilikuwa nyeupe, na mlango umevaa utaji mpana wa mawe meusi.

Baadaye makinda yaliruka, moja baada ya jingine, na tukarudi na ndoo ya lipu kumalizia kama tulivyoahidi. Mama Zuhura alisimama mlangoni mikono kiunoni akatufukuza, mawe yake yasiguswe. Ile lipu tukaipiga jikoni kwake, bure. Na mwaka uliofuata watu wa mjini walianza kutuomba milango ya mawe namna ile, hata wasio na ndege. Mafundi wengine waliiga, wengine wakasema walianza wao. Wacha waseme. Lakini nimekimbia mbele. Kabla ya hayo yote alikuja Mzee Athumani.

Alikuja siku chache kabla ya harusi, amevaa tarbushi na koti, fimbo mkononi, ameshuka kwenye gari la rafiki yake. Mama Zuhura alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Zuhura alichungulia dirishani. Sisi tulijipanga kando kama washtakiwa.

Mzee akazunguka nyumba nzima. Akagonga hapa na pale kwa fimbo. Niliusikia ukuta ukimjibu vizuri, nikajisifu moyoni. Akafika mbele, akasimama.

“Na hii?” akasema. “Mulango mumeacha uchi?”

“Mzee, pale iko na ndege,” Karoli akaanza.

“Ndege!” Mzee akageuka kwa mjane. “Mama Zuhura, mi nilikuambia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu ya bwana harusi watakuja wanakuta tundu, watasema nini? Zuhura atatokea Goma, bon, tusiongee sana.”

Mwanamke yule, aliyepinda mwavuli kwa kuta za watu, aliinamisha kichwa akaikunja upya ncha ya khanga yake. Nilikasirika, lakini mimi ni nani hata nimjibu mzee wa watu?

Mzee akasogea alitazame tundu vizuri, pengine apate la kuongezea. Akanyoosha mkono. Mkono haukufika kwenye tundu. Ulisimama juu ya jiwe moja chini yake, jiwe kubwa lililokaa upande, halikunyooka na wenzake. Akalipapasa. Kisha akalipapasa la pembeni.

“Haya mawe,” akasema.

Akaiegemeza fimbo yake ukutani.

“Haya mawe nilibeba na Juma. Mi na yeye. Kutoka kule juu, kwa kichwa, mpaka hapa.” Akaligonga lile la upande kwa kiganja. “Hii ilimuponda kidole. Alinitukana, alinitukana! Alisema ni mi niliachilia. Na ni kweli, niliachilia, nyuki ilikuwa kwa shingo.” Akaanza kucheka, tarbushi ikitetemeka. “Akasema, kwa sababu ya kidole yangu hii jiwe itakaa hivyo hivyo, imepinda, kusudi kila siku uione, Athumani. Halafu akaifunika na lipu! Mujinga yule! Akaifunika!”

Alicheka hadi akatoa kitambaa, na kitambaa hakikufuta kicheko peke yake. Miaka mingi alikuwa ameingia na kutoka katika mlango ule, na kazi ya mikono yake na ya mdogo wake ilikuwa chini ya chokaa asiione.

Inyamanza akapita juu ya tarbushi na mdudu wake, akaingia ndani. Mzee hata hakumtazama, na habari ya Goma hakuitaja tena.

Harusi ilifanyika pale. Wali ulipikwa uani kwa masufuria ya kuazima, jamaa wa bwana harusi walivuka kutoka Goma kwa ngoma, na mtu alipouliza kwa nini mlango una mawe, wanawake wa mtaa walimweleza habari yote kwa pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Mimi na Karoli tulikuwa tumeoga, jambo ambalo watu walilisema sana.

Ilipofika saa ya bibi harusi kutoka, Mzee Athumani alimtangulia akasimama kizingitini. Hakuna aliyemwambia aseme chochote; ndoa ilikuwa imekwisha fungwa. Aliweka kiganja juu ya lile jiwe lililopinda, akamgeukia Zuhura aliyefunikwa, na kusema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

“Muone wote. Huyu mutoto anatoka kwa nyumba ya baba yake. Mi nimesimama tu kwa pahali yake.”

Mama Zuhura alikuwa nyuma ya binti yake, ndani ya giza la mlango. Kabla shangazi yeyote hajavuta pumzi, yeye mwenyewe, mama mzazi, ambaye kwa desturi siku ile hutakiwa kulia, alipiga kigelegele kirefu, cha juu, kisichoisha. Wanawake wote wakampokea, ngoma zikaingia, na Zuhura akavuka kizingiti.